Tulivyotaka kuiita apu yetu Liyongo

Wiki ya tatu hii apu haina jina. Yaani vitu vyote vipo, sehemu ya kuingiza hisa ipo, marejesho yapo, meseji za kumkumbusha mtu deni zipo, inafanya kazi hata kwenye simu ya laki moja yenye kioo kilichopasuka, ila ukiifungua pale juu imeandikwa JINA HAPA kwa herufi nyekundu na kila nikiiona naona kama inanicheka.

Tuko wanne. Mimi, jamaa wa seva, dada anayechora, na mwenzetu mmoja wa Wete, Pemba, ambaye ndo anaandika msimbo mwingi kuliko sisi wote na anaongea kidogo kuliko sisi wote. Tunatengeneza kitu cha vikoba. Kama hujui kikoba muulize mama yako, atakuambia kuhusu sanduku lenye kufuli tatu na funguo za watu watatu tofauti, na ile siku ya kuvunja mwisho wa mwaka ambapo kila mtu anavaa vizuri. Sisi tumelitia lile sanduku kwenye simu, basi. Na tulikubaliana toka mwanzo kwamba jina litoke kwenye hadithi zetu, tumechoka na Pay-nini na Smart-nini.

Jamaa wa seva akaanza: Abunuwasi! Mjanja, kila mtu anamjua, bibi anamjua, mtoto anamjua. Tukapiga kura WhatsApp, dakika mbili tu watatu tumekubali. Usiku ule mwanangu ananiambia baba hadithi, nikasema poa, ngoja nikupe ya Abunuwasi maana ndo bosi mpya. Nikampa ya sufuria. Si unaikumbuka? Abunuwasi kaazima sufuria kwa jirani, kesho yake karudisha na kasufuria kadogo juu yake, anasema sufuria lako limezaa. Jirani kafurahi, nani akatae. Akaja kuazima tena, akapewa kubwa zaidi, siku zikapita kimya, jirani akaenda kuuliza, akaambiwa pole ndugu yangu, sufuria limekufa. Sufuria linakufaje? We ulivyoambiwa limezaa mbona hukuuliza.

Mtoto anasema halafu, halafu, mi nimenyamaza. Maana hiyo siyo hadithi ya ujanja tu, huo ni upatu! Mwezi wa kwanza pesa yako inarudi na mtoto wake, mwezi wa pili unaleta sufuria kubwa, mwezi wa tatu msiba. Waliokuwa watu wazima 2009 wanaikumbuka DECI, mambo ya kupanda mbegu na kuvuna, watu wakapanda mpaka serikali ikaingilia na mavuno hayakuonekana. Halafu mimi nimpelekee mama wa Manzese apu ya kutunzia hela inaitwa Abunuwasi. Nikaandika kwenye grupu saa tano usiku, jamani sufuria limekufa. Hakuna aliyenielewa mpaka asubuhi.

(Na kwa taarifa yako Abunuwasi alikuwa mtu kweli, Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, mashairi ya mvinyo kwa wingi, huku kwetu tukamgeuza mtu wa masufuria na punda. Hakuulizwa na yeye.)

Toka siku hiyo nikapata ugonjwa. Kila kampuni ya teknolojia yenye jina la hadithini naenda kusoma hadithi yake, mpaka mwisho, hapo ndo pana mambo.

Chukua Palantir. Kampuni ya Marekani, ilianzishwa 2003, hela za mwanzo zingine zilitoka In-Q-Tel ambao ni mfuko wa uwekezaji wa CIA. Kazi yao kukusanya deta za kila aina na kuziunganisha ili jeshi, polisi, watu wa ujasusi na wale wa uhamiaji waone nani ni nani na yuko wapi na nani. Jina limetoka kwa Tolkien, yule mwandishi Mwingereza, vitabu vyake vya The Lord of the Rings vya 1954 na 1955, mle palantír ni jiwe la duara la kuonea mbali. Ukiishia hapo unasema aah jina limekaa vizuri kabisa, jiwe la kuona mbali, kampuni ya kuona mbali.

Sasa soma mbele. Yale mawe moja lilishaangukia kwa adui mkubwa kuliko wote, kwa hiyo ukilitazama la kwako unaweza ukakuta anakutazama yeye. Mchawi Saruman, mtu mwenye akili nyingi, alitazama akanaswa akawa mtumishi. Denethor, mtawala wa mji, yeye alikuwa na roho ngumu hakunaswa, ila adui akawa anachagua kipi Denethor akione. Na jiwe halisemi uongo, hapo ndo utamu ulipo! Aliona merikebu nyeusi zinapanda mto kuja mjini, na kweli zilikuwa zinakuja, ila hakujua kwamba waliomo wakati huo ni watu wa upande wake wanakuja kumsaidia. Kakata tamaa, kajichoma moto. Deta sahihi kabisa, uamuzi wa maangamizi. Yule mzee aliandika onyo la kurasa na kurasa kuhusu mtu anayedhani kuona kila kitu ndo kujua, halafu wakaja watu wakachukua neno lile lile wakalibandika mlangoni.

Na usiniambie hawakusoma. Ofisi yao ya Palo Alto walikuwa wanaiita Shire, kile kijiji cha wahusika wadogo wadogo wapenda chakula. Wamesoma hao. Mtu ambaye hajasoma nitamsamehe, ila aliyesoma mpaka mwisho na bado akasema hili hili ndo jina letu, huyo ananitisha kidogo. Halafu 2017 ikaja Anduril, kampuni ya silaha na droni, jina la upanga kutoka vitabu vile vile. Upanga wa mfalme ambaye kwenye hadithi watu wanamtambua kuwa ni mfalme kwa sababu mikono yake inaponya wagonjwa. Na aliyeandika alipigana Somme 1916, vita alikuwa anaijua kwa macho yake.

Jamaa wa seva akanijibu, bana we unakuza mambo, jina ni jina, mteja haulizi. Ni kweli mteja haulizi. Mteja ndo ameshika jiwe. Ila kuna mtu mwingine upande wa pili anatazamwa, na huyo jina analisikia vingine kabisa, mtu wa uhamiaji anakuja kugonga mlangoni kwako saa kumi na moja alfajiri na mashine iliyomleta inaitwa jiwe la adui. Hapo ndo nikapata kipimo changu, usiulize anayenunua, muulize atakayekuwa chini yake.

Zipo nyingine za kuchekesha tu. Soylent, unga wa kukoroga unywe badala ya kula, jina wamelitoa kwenye riwaya ya 1966 ambayo humo ni soya na dengu, sawa, ila filamu iliyotengenezwa kutoka riwaya hiyo 1973 chakula kile kinatokana na maiti, na ndo kitu pekee ambacho dunia nzima inakikumbuka. Waingereza wana setilaiti za jeshi zinaitwa Skynet, hao nawaachia maana ya kwanza ilirushwa 1969 na filamu ya yale maroboti yanayoua watu, ambamo Skynet ndo bosi wao, imekuja 1984. Ila mwaka 2015 ilivuja kwamba NSA, majasusi wa Marekani, nao wana programu yao inaitwa SKYNET, inachambua rekodi za simu za watu Pakistan kukisia nani ni tarishi wa magaidi. Hao filamu walishaiona, jamani.

Sasa usidhani sisi ni watakatifu. Siku moja tunapiga stori kuhusu droni, zile zilizojaribiwa Zanzibar 2019 kupulizia mashamba ya mpunga kupambana na mbu wa malaria, jamaa wa seva akasema mi ningekuwa na droni ningeiita Popobawa. Tukacheka watatu. Pepo linalovamia watu usiku, linaruka, lina mabawa, limekaa vizuri au sio. Mwenzetu wa Wete hakucheka. Mwaka 1995 alikuwa mdogo, na zile wiki za popobawa walikuwa wanalala nje, familia nzima, wamezunguka moto, watu wazima hawalali. Akasema tu, "nyie wa bara mnacheka," akarudi kwenye kompyuta yake. Basi. Chumba kikawa kizito mpaka tukaenda kunywa chai.

Na wa mbali nao wanacheka na vya kwetu. Joomla, ile programu ya kutengenezea tovuti ya 2005, ni jumla yetu hii hii imeandikwa ili Mzungu aweze kuitamka. Hiyo hainiumi, wamechukua neno, wamelitumia vizuri, maana wameiacha, na programu yenyewe ni bure (ingawa mi nikisikia jumla nawaza bei ya jumla Kariakoo). Ila Disney walienda kuomba usajili wa hakuna matata kama alama ya biashara Marekani mwaka 1994, wakapewa 2003, kwa ajili ya fulana na vitu hivyo. Maneno mawili ambayo Them Mushrooms wa Kenya walishayaimba 1982 na watu waliyasema kabla ya hapo. 2018 watu zaidi ya 100,000 wakasaini mtandaoni kulalamika. Kuchukua na kufunga mlango ni vitu viwili tofauti.

Nasema hivyo kwa sababu kesho yake sisi wenyewe tulikuwa tunajaza fomu ya BRELA, na jina tulilotaka kulisajili liwe letu peke yetu lilikuwa Liyongo.

Naomba nikueleze jinsi tulivyolipenda. Fumo Liyongo, jitu, mshairi, mpiga upinde, silaha haimwingii. Sultani wa Pate anamuogopa kuliko njaa. Dada anayechora alishachora upinde mzuri sana, tena nembo ile tulishailipia, elfu themanini, fundi wa kuchapa fulana. Na ile sehemu ya gerezani kwa mtu wa kompyuta ni tamu ajabu, mama yake anampelekea chakula, walinzi kila siku wanakula kizuri wanamwachia kibaya, basi ukaokwa mkate wa wishwa, mkate mbaya mbaya, na ndani yake ikatiwa tupa. Walinzi wameukagua kwa macho wakaona takataka hii mpeni mwenyewe. Usiku ngoma ya gungu inapigwa nje, makelele, yeye anakata minyororo. Wizi wa data wa leo nusu yake ni mkate wa wishwa, mtu kakuletea faili bovu bovu hivi na we hukuliangalia.

Tukawa tunajisifia hivyo kwenye grupu, mpaka mwenzetu wa Wete akauliza swali moja tu. Liyongo alikufaje?

Aisee.

Alikufa kwa pasiwedi. Wakubwa walipoona hawamuwezi walimpata mwanawe wa kumzaa, wakamwahidi cheo na binti wa sultani, mtoto akaenda kumuuliza baba, baba ni nini kinachoweza kukuua. Na Liyongo akamwambia. Sindano ya shaba, kitovuni. Mtoto akasubiri baba kalala. Liyongo akaamka na maumivu, akachukua upinde, akaenda kupiga goti karibu na kisima na akafa vile vile, mshale umevutwa, watu wa mji siku kadhaa wanaogopa kwenda kuteka maji, hawajui kuwa ni maiti.

Sasa nani anaiba hela za kikoba? Siyo mdukuzi wa Urusi. Ni mtunza hazina, shemeji wa katibu, mtu mwenye ufunguo mmoja kati ya mitatu aliyempata mwenye wa pili, yaani mtoto wa ndani. Hatari yetu yote iko ndani ya ile hadithi, na sisi tunataka kulipa sanduku jina la mtu aliyemfungulia muuaji wake kwa sababu ni mwanawe. Jamaa wa seva akajitetea kwamba itakuwa kama ukumbusho wa usalama. Ukumbusho kwa nani, mama anafungua apu kuweka elfu tano yake anasoma jina la aliyesalitiwa? Na hata ukiacha hilo, Liyongo ana wenyewe, kuna watu Lamu na Pate na Kipini ambao huyu ni babu yao, kaburi lake wanakuonyesha, Muhamadi Kijuma wa Lamu aliuandika utenzi wake 1913 na watu mpaka leo wana mistari kichwani, halafu vijana wanne wa Sinza waende BRELA kusema huyu ni wetu. Tungekuwa Disney wa Sinza. Fomu ikafutwa. Fulana kumi na mbili za upinde ninazo kabatini, ukitaka sema.

Ila hadithi ikatubakiza na mtu mmoja. Ndani ya apu kuna kale karoboti ka kuchati, unamuuliza deni langu shilingi ngapi anakujibu, na hako tukaona kaitwe Saada. Saada ndo yule kijakazi aliyekuwa anapeleka ujumbe na chakula kati ya Liyongo na mama yake. Saada, msaada, si unaona linavyoteleza? Nilifurahi mwenyewe nikajipongeza. Dada anayechora akatuangalia akasema, kwa hiyo yule mtoto aliyetumwa na Liyongo sasa mnataka atumwe na wanakikoba wote.

Hapo sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Mtumwa pekee mwenye jina katika ile stori, alibeba hatari yote ya tupa ile, angekamatwa nani angemuimba, na sisi tunamgeuza kitufe. Halafu ona wenzetu. Amazon walileta Alexa, kile kifaa unachokiamuru kwa sauti, 2014, na ilipofika 2021 wazazi Uingereza wenye mabinti wanaoitwa Alexa wakawa wanaieleza BBC jinsi watoto wao wanavyotaniwa kwa kupigiwa amri shuleni, Alexa fanya hivi, Alexa cheza wimbo, wengine wakabadilisha jina la mtoto kabisa. UNESCO 2019 nao walitoa ripoti nzima kuhusu hii tabia ya kumpa mtumishi wa kwenye simu jina na sauti ya mwanamke mpole asiyekasirika. Sisi kwenye kikoba cha majaribio tu tuna akina Saada wawili, mmoja ni mwenyekiti! Mtu aanze kupiga kelele Saada nioneshe deni, mama wa watu anageuka. (Siri ya Apple naiacha, kifaa kinachosikiliza kikaitwa siri, na 2019 wakaomba radhi baada ya kujulikana kuna watu walikuwa wanasikilizishwa rekodi. Kwa Kiswahili utani huo umejitunga wenyewe.)

Jina moja tu la hadithini ndo naliheshimu mpaka leo, ELIZA. Joseph Weizenbaum wa MIT, 1966, roboti ya kuchati ya kwanza kwanza kujulikana, ameliita kwa jina la muuza maua kwenye tamthilia ya Bernard Shaw anayefundishwa kuongea kama matajiri. Maana yake jina lenyewe linakuambia, huyu amefundishwa kutamka, usidhani kuna kingine. Onyo limo mbele siyo limefichwa. Na bado katibu muhtasi wake, aliyekuwa anaona kazi ikitengenezwa, alipoanza kuchati nayo alimwomba bosi atoke nje kidogo wabaki wawili. (Eliza wa kwenye tamthilia lakini mwishoni anagoma, anamwambia mwalimu wake ukweli. Hilo la kugoma bado hatujaliona kwenye maroboti.)

Kuna majina mengine watu hawayahesabu kabisa kuwa ni majina. Yale ya kwenye demo. Wamarekani kwa namba za simu wametenga kabisa, 555-0100 mpaka 555-0199 ni za filamu na hadithi, mtu asije akapigiwa kwake usiku. Kwenye intaneti example.com imetengwa toka 1999. Watu wa usimbaji, wale wa kuficha ujumbe, kwenye mifano yao wana Alice na Bob toka 1978, hawana kabila la kumuudhi mtu. Sisi kwa majina ya watu hatujatenga kitu, mtu anatia la kwanza linalomjia na linalomjia ndo utani wa mtaani kwao.

Mimi nilitia. Mlipaji mzuri Neema, msumbufu wa marejesho Masanja, aliyechota hela akakimbia Mangi. Sikufikiria hata sekunde moja. Tukaenda kuonyesha kwenye ofisi moja mjini hapa, ukuta mzima umejaa Masanja anadaiwa, Masanja amechelewa siku 40, na pembeni kakaa mzee mmoja wa Shinyanga, kwao akina Masanja, ananyamaza tu na daftari lake. Mwisho akanyanyua mkono. Akasema, kijana, huyo Masanja alikukosea nini?

Watu wakacheka, mi jasho mpaka kwenye soksi. Nikasema samahani mzee wangu, shikamoo tena. Akasema marahaba, endelea. Usiku ule nilibadilisha demo yote ikawa matunda. Bi Embe, Bwana Nanasi, mtunza hazina ni Ndizi. Fenesi anadaiwa elfu arobaini na hakuna aliyelalamika bado, ingawa jamaa wa seva anasema watu wa Tanga wanaweza wakaja juu kwa ajili ya machungwa, kwa hiyo Chungwa nimemfanya mwenyekiti.

Apu yenyewe ndo hivyo. Sungura tulimkataa kwa sababu zile zile za Abunuwasi, Fisi hata hatukumjadili. Mtu alipendekeza Maji kwa sababu kila kitu kinahitaji maji, nikamwambia mtu wa usalama wa mtandao akisikia Maji atawaza ya Kinjikitile, yale ya kugeuza risasi, na wale waliokufa 1905 mpaka 1907 siyo watu wa hadithini.

Jana jioni mama mtunza hazina wa kile kikoba cha Manzese akanipigia. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, hujambo, wazima huko? Sisi huku wazima, ila hii Jina Hapa yenu leo inagoma, nimeingiza hisa za watu wanane haionyeshi, na wenzangu wananiuliza Jina Hapa imekula hela.

Nikamuuliza mama, Jina Hapa ndo nini?

Si hii apu yenu, mwanangu. Wote tunaiita hivyo. Mpaka kwenye muhtasari wa kikao katibu ameshaiandika.

Hisa zilikuwa zimekwama kwenye seva, jamaa amerekebisha usiku. Dada anayechora ananiuliza yale maandishi mekundu ayatoe au ayaache, sijamjibu bado.